Kaseti Niliyoifuta

Ukiishika kaseti upande wa kwanza ukikuelekea na utepe ukiwa chini, utaona kwenye ukingo wa juu, kushoto na kulia, vipande viwili vidogo vya plastiki vilivyokaa mfano wa meno ya utotoni. Nyumbani kwetu Mombasa tuliviita vijino. Kijino cha kushoto hulinda upande unaokuelekea, na cha kulia hulinda upande wa pili. Kikiwapo, hukisukuma kipande cha chuma kilichomo ndani ya mashine na kitufe cha kurekodi hukubali kubonyezwa. Kikivunjwa, kile kipande cha chuma huzama kwenye tundu na kitufe hugoma. Hiyo ndiyo kufuli pekee ambayo kaseti ilipewa na waliyoibuni. Kuifunga hakuhitaji fundi. Ncha ya kisu yatosha. Kuifungua nako hakuhitaji fundi: unabandika selotepu juu ya tundu, nayo mashine hudanganyika.

Mimi niliifungua kufuli hiyo mwezi wa Aprili mwaka wa 2003, nikiwa mwanafunzi wa mwaka wa pili wa Kiswahili. Wanafunzi ninaowafunza leo huniuliza kwa nini mimi, niliye mpole katika mada nyingine zote, hugeuka mkali tufikapo kwenye ukusanyaji wa fasihi simulizi nyanjani. Sijawahi kuwajibu sawasawa. Jibu ni refu, na linaanzia kwenye duka la barabarani.

Kozi yenyewe ilikuwa ya fasihi simulizi. Kila mmoja wetu alitakiwa aende kwao wakati wa likizo, anase utendaji mmoja, aunukuu, auchanganue, kisha awasilishe karatasi pamoja na kaseti. Mhadhiri wetu alikuwa mtu mtaratibu wa maneno, na alitumia saa nzima ya mhadhara kutueleza habari za kaseti. Tulimcheka chini kwa chini. Sisi tuliokuja na kiu ya umuundo na unaratolojia tulisomeshwa skrubu! Leo nayakumbuka maneno yake karibu yote, ilhali ya unaratolojia yamenitoka.

Kaseti, alitueleza, ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka wa 1963 katika maonyesho ya redio mjini Berlin, na vipimo vyake vya msingi havikubadilika: utepe wenye upana wa milimita 3.81 unaopita mbele ya vichwa vya mashine kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde. Sasa, gamba likiwa ni lile lile na kasi ikiwa ni ile ile, njia ya pekee ya kupata dakika nyingi zaidi ni kuupunguza unene wa utepe. Kaseti ya dakika 60 ina utepe wa unene wa takribani maikromita 18. Ya dakika 90, takribani 12. Ya dakika 120, takribani 9. Huo wa mwisho ni laini mno. Hunyooka ukivutwa, hukunjamana kwa joto, na hupenda kujizonga kwenye kigurudumu cha mpira. Isitoshe, kwa kuwa ni mwembamba, sauti ya mzunguko mmoja huuambukiza mzunguko unaoulalia, hata ukaweza kulisikia neno kwa mbali, kama mwangwi, kabla msemaji hajalisema. Basi nunueni ya dakika 60, alisema. Nunueni ile ambayo gamba lake limefungwa kwa skrubu tano, si iliyogandishwa, kwa maana utepe ukikatika mtaweza kulifungua na kuuunga. Msisumbuke na kaseti za kromu kwa ajili ya mazungumzo. Ubora wake mtausikia kwenye muziki, tena kwa mashine inayoitambua kromu, nazo mashine mlizo nazo hazitambui kitu. Mkianza, hesabuni hadi kumi kabla ya kusema, kwani kipande cha kwanza cha utepe hakina sumaku na humeza maneno. Tajeni tarehe, mahali na jina la fanani. Na mkimaliza, vunjeni vijino mngali mmekaa mkekani, kabla hamjapewa chai.

Niliyaandika hayo yote daftarini kwa mwandiko mzuri. Kisha, jioni ya kusafiri, nilisimama mbele ya mchuuzi karibu na kituo cha mabasi jijini Nairobi, nikaiona kaseti ya dakika 120 ikiuzwa kwa bei ya ile ya 90, nikaona nimepata. Gamba halikuwa na skrubu hata moja. Mwanafunzi ni mtu wa hesabu za kujumlisha. Dakika 30 za bure ni dakika 30 za bure.

Bibi yangu mzaa mama aliishi Mji wa Kale, katika nyumba ambayo ngazi zake zilikuwa nyembamba hata kabati la nguo liliingizwa kwa dirishani. Enzi zake alikuwa mwimbaji wa vugo. Kwa wasioifahamu ngoma hii, vugo ni ya wanawake wa mwambao, na huhusishwa hasa na harusi. Wanawake hushika pembe na kuzigonga kwa vijiti, wakaenda kwa mafungu wakiimba. Mmoja hutoa, wengine huitikia. Ndani ya nyimbo hizo mna sifa, nasaha, vijembe na mafumbo ambayo anayelengwa huyaelewa na asiyelengwa hucheka tu. Bibi alikuwa mtoaji. Nilijua nimeketi juu ya hazina, na nilijua pia kwamba wenzangu wangewasilisha hadithi za sungura na fisi. Tamaa ya alama nayo ilikuwamo, sitaificha.

Lakini kabla sijafika kwenye kosa lenyewe, yafaa nieleze hali ya kaseti katika nyumba ile, kwa sababu kosa halikuanguka kutoka mbinguni. Chini ya kitanda cha Bibi palikuwa na sanduku la bati lililojaa kaseti. Mlikuwamo taarab, nyingi zikiwa zimetoka duka la Mbwana Radio Service, ambalo lilikuwa likirekodi waimbaji wa mwambao na kuuza kaseti zao hapo hapo Mombasa. Mlikuwamo mawaidha ya masheikh. Na mlikuwamo barua. Mjomba wangu alikuwa akifanya kazi Dubai, na katika miaka ya themanini hakuandika barua kwa kalamu. Alizungumza kwenye kaseti na kumpa mtu anayerudi nyumbani. Familia nzima ilikaa sebuleni ikamsikiliza akisalimu mtu mmoja mmoja kwa jina. Kisha ilitengwa siku ya kujibu, na jibu lilirekodiwa juu ya kaseti ile ile, likafungwa kwa bahasha na kurudishwa Dubai. Kila jibu lilizikwa juu ya swali lake. Hakuna aliyeona vibaya. Kaseti zilikuwa ghali, na sauti ya mjomba ilikuwa kitu ambacho kingekuja tena baada ya miezi mitatu.

Sisi watoto tulikuwa hodari zaidi. Kaseti za dukani huja zikiwa hazina vijino, na tulijifunza mapema kuziba matundu kwa selotepu, au kwa karatasi iliyotafunwa, ili turekodi nyimbo za redioni juu ya qasida za mama. Tukachapwa, tukarudia. Kwa hiyo nilipofika mwaka wa pili wa chuo kikuu, mkono wangu ulikuwa na mazoea ya miaka 12 ya kufuta.

Siku ya kwanza ya kurekodi, Bibi alikaa mkekani baada ya Adhuhuri, akajifunga leso vizuri kana kwamba anapigwa picha. Nikaweka kinasasauti, kidogo cha kuazima, mbele yake. Nilitaka aimbe. Yeye akaanza kuzungumza. Akaeleza pembe zilihifadhiwa kwa nani na kwa nini zisikae kwa mwingine; akaeleza mtaa gani ulishindana na upi; akaeleza siku ambayo wimbo fulani ulimfanya mwanamke mmoja atoke arusini bila viatu. Nilikuwa nikiitazama saa. Dakika arubaini zilipita pasi na ubeti hata mmoja. Nilipokuwa nimekata tamaa, ndipo mashine ilipotoa mlio wa ajabu, mithili ya paka anayekanyagwa mkia, ikasimama. Nikaifungua. Utepe ulikuwa umejizonga kwenye kigurudumu cha mpira na kukunjamana kama kamba ya mkonge iliyolowa. Nilipouvuta ulikatika. Gamba halikuwa na skrubu. Nilijaribu kulipasua kwa kisu cha jikoni, likavunjika vipande vitatu.

Bibi aliniambia, "Usijali, t'arejea kesho." Nilifurahi kimoyomoyo. Mazungumzo yaliyopotea niliyahesabu kuwa si kitu. Zilikuwa bado si nyimbo.

Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Maduka ya karibu yalikuwa yamefungwa kwa ajili ya Sala, Bibi alikuwa tayari, na jioni alikuwa na safari ya kwenda Malindi kwa wiki mbili. Basi langu la kurudi Nairobi lilikuwa Jumapili. Nikalivuta sanduku la bati kutoka chini ya kitanda.

Nilichagua. Hili ndilo neno ninalolirudia mara nyingi nikiwa peke yangu, kwa kuwa kuchagua ndiko tunakofundishwa katika fani hii. Taarab niliziacha, kwa sababu zilikuwa na majina ya waimbaji. Mawaidha niliyaacha, kwa sababu niliogopa dhambi. Barua za mjomba zilikuwa mbili tu, nami nikaziacha kwa heshima. Ikabaki kaseti moja ya dakika 90, nyeusi, isiyo na maandishi yoyote. Niliitia mashineni nikaisikiliza kwa muda wa dakika mbili hivi. Nilisikia sahani zikigongana, mtoto akilia, wanawake wakicheka na kuzungumza wote kwa pamoja, mtu akiuliza chumvi iko wapi. Nilisema, hii ni kelele. Nikaigeuza. Vijino vyote viwili vilikuwa vimevunjwa, vimevunjwa kwa usafi, hakuna hata kipande kilichobaki pembeni. Nikaenda kwenye mkoba wangu wa shule nikatoa selotepu.

Kwa yule ambaye hakuwahi kuishi na kaseti, nieleze kinachotokea. Utepe ni plastiki iliyopakwa chembechembe laini sana za oksidi ya chuma. Kurekodi ni kuzipanga chembe hizo kwa sumaku kufuatana na sauti. Utepe unapopita mashineni katika hali ya kurekodi, hukutana kwanza na kichwa cha kufutia, na ndipo hufika kwenye kichwa cha kunasia. Mashine nzuri hufuta kwa mkondo wa umeme unaobadilika kwa kasi kubwa na kuzivuruga chembe zote. Mashine ndogo za bei nafuu, kama ile niliyoiazima, zina kipande cha sumaku tu ambacho huusogelea utepe na kuzilaza chembe zote upande mmoja. Zote mbili zina tabia moja: kichwa cha kufutia hakisikii. Hakijui kama kinachopita mbele yake ni wimbo au chafya. Anayejua, au anayepaswa kujua, ni yule aliyebonyeza kitufe.

Vyombo vya kale havikuwa hivyo vyote. Mmarekani Milman Parry, ambaye kazi yake juu ya utungaji wa papo kwa papo tulikuwa tukiisoma muhula ule ule, alipokwenda Yugoslavia kati ya mwaka wa 1933 na 1935 kuwanasa manju wa tendi, alitumia sahani za alumini. Alumini ikishachorwa haichoriki tena. Manju akikohoa, kikohozi kimekaa. Ukweli ni kwamba kabla yake walitumia silinda za nta, na hizo ziliweza kuparwa juu na kutumiwa upya, kwa hiyo vishawishi vya kufuta si vya jana. Lakini kaseti iliutia uwezo huo mikononi mwa kila mtu, hata mwanafunzi mwenye haraka.

Bibi aliimba siku hiyo. Aliimba vizuri, peke yake, ameketi, milango imefungwa, feni imezimwa kwa amri yangu ili isiingilie. Hakukuwa na pembe. Nilimwomba asiguse kitu. Kila wimbo niliurekodi safi, na baina ya nyimbo nilibonyeza kitufe cha kusimamisha ili nisiyanase mazungumzo. Nilijaza upande wa kwanza wote na sehemu kubwa ya upande wa pili. Nilivunja? Hapana, vijino vilikuwa vimeshavunjwa. Nilibandua selotepu tu, nikajiona mtaalamu.

Muhula ulipofunguliwa niliwasilisha kazi yangu: kurasa 31 za unukuzi na uchanganuzi wa maudhui, tamathali na mizani. Ilirudi baada ya wiki tano. Alama zilikuwa nzuri, lakini pembeni mwa ukurasa wa nne mhadhiri alikuwa ameandika kwa penseli swali fupi: "Aliyeitikia ni nani?" Mwishoni, chini ya alama, aliandika maneno mengine ambayo ninayo mpaka leo: "Upande wa pili, baada ya wimbo wa mwisho, mna kitu kingine. Ni nini hiki? Hiki ndicho ningetaka kukisikia chote. Njoo unione."

Nilikuwa sijaisikiliza kaseti yangu mpaka mwisho. Niliirudisha chumbani, nikaazima mashine, nikaiacha icheze. Wimbo wa mwisho wa Bibi ulikoma. Ukaja ukimya wa kama nusu ya sekunde. Baadaye nilielewa ukimya ule ni nini: kichwa cha kufutia hutangulia kichwa cha kunasia, kwa hiyo unapobonyeza kitufe cha kusimamisha, hubaki kipande cha utepe ambacho kimeshafutwa lakini bado hakijarekodiwa kitu. Ni sentimita chache tu zisizo na mtu. Kisha chumba changu cha bwenini kikajaa pembe.

Zilikuwa pembe nyingi, zikigongwa kwa kupokezana, na juu yake sauti ya mwanamke kijana, kali, yenye mzaha, ambayo ilinichukua muda kuitambua kuwa ya Bibi. Akitoa ubeti, fungu la wanawake likiitikia, na ndani ya fungu hilo sauti moja ikijitenga, nzito kidogo, ikichelewa makusudi nukta moja nyuma ya wengine, kisha ikiufunga wimbo kwa namna ambayo ilimfanya mtoaji acheke katikati ya neno. Watu wakishangilia. Sahani zilikuwa zikigongana huko nyuma kwa kuwa harusi huwa na chakula. Hiyo ndiyo iliyokuwa kelele yangu. Ilidumu dakika nne na sekunde kumi, kisha utepe ukaisha.

Nimezipima dakika hizo. Kwa kasi ya sentimita 4.76 kwa sekunde, ni mita 12 za utepe hivi, kati ya takribani mita 129 za kaseti ya dakika 90, na ni kwenye upande mmoja tu. Kwingine kote, kutwa kucha, ni sauti ya Bibi mzee akiimba peke yake ndani ya chumba kisicho na hewa, kwa ajili ya alama zangu.

Mhadhiri hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Hukuona kwamba mtu alivunja?" Nikamwambia niliona. Akanyamaza. Kisha akasema kwamba kila kaseti isiyo na jina ina mwenyewe anayeijua, na ndiyo maana haikuandikwa. Kwa mara ya kwanza nilielewa kile kilichokuwa kikisemwa darasani kuhusu fanani, hadhira na utendaji, mambo ambayo Ruth Finnegan alikuwa ameyasisitiza tangu mwaka wa 1970 na ambayo mimi niliyanukuu kwenye utangulizi wa kazi ile ile. Nilikuwa nimemnukuu ukurasa wa pili na kumfuta kwenye kaseti. Nilichokiita matini ni mabaki ya wimbo baada ya kuondolewa watu.

Nisijidhulumu kupita kiasi. Wakubwa wamefanya makubwa. Shirika la anga la Marekani, NASA, lilikiri mwaka wa 2009 kwamba kanda za asili za matangazo ya Apollo 11, za mwaka wa 1969, inaelekea zilifutwa na kutumiwa tena wakati kanda zilipokuwa adimu. Na kuna idara niliyowahi kuifahamu, sitaitaja, ambapo kaseti za wanafunzi wa mwaka mmoja zilitolewa kwa wanafunzi wa mwaka uliofuata ili kupunguza gharama. Vikongwe wangapi walirekodiwa juu ya vikongwe wenzao humo, Mungu ndiye ajuaye. Lakini hao ni wengine. Mimi nilikuwa na safari ya Mombasa mwezi wa Agosti, na nilikuwa na la kusema.

Kabla ya hiyo safari niligeuka mlinzi. Nilijifunza kuiweka kaseti wima ndani ya kasha lake, mbali na spika na televisheni, kwa sababu ndani ya spika mna sumaku. Nilijifunza kutoiacha kwenye dirisha la basi, kusafisha vichwa vya mashine kwa pamba na spiriti, kuuzungusha utepe kutoka mwanzo hadi mwisho walau mara moja kwa mwaka ili usigandamane, na kuikagua dhidi ya ukungu mweupe ambao hewa ya pwani huupenda. Nilijifunza kuupitisha utepe uliolegea kwa kalamu ya Biki. Mambo yote niliyoandika daftarini kwa mwandiko mzuri niliyafanya sasa kwa mikono, kwa ajili ya dakika nne. Miaka mingi baadaye, mwaka wa 2019, UNESCO na chama cha kimataifa cha nyaraka za sauti, IASA, walipoanzisha mradi wa kutoa tahadhari kwamba kufikia takribani mwaka wa 2025 mashine za kuchezea kanda na vipuri vyake vingekuwa adimu kiasi cha kukwamisha kazi ya kuhamisha sauti, sikuhitaji kushawishiwa. Nilimtafuta rafiki mwenye mashine nzuri, tukazihamisha zile dakika nne kwa kiwango kinachopendekezwa na IASA, kilohezi 96 na biti 24, kana kwamba ni hotuba ya rais. Tulijaribu pia kusikiliza chini ya zile nyimbo safi, maana kufuta kwa sumaku hafifu wakati mwingine huacha kivuli. Hapakuwa na kivuli. Kile kisumaku cha mashine ya kuazima kilifanya kazi yake sawasawa.

Bibi nilimkuta pale pale mkekani. Nilimwamkia, akaitika marahaba, akaniuliza habari za masomo. Nikamwambia nzuri. Kisha nikamwambia kaseti nyeusi iliyokuwa haina jina niliirekodia.

Alikuwa akichambua mchele. Mkono wake haukusimama. Akaniuliza, "Ile ya dakika tisini?"

"Ndiyo, Bibi."

"Hukuona meno yamevundwa?"

"Niliona, Bibi."

"Meno yale naliyavunda mimi," alisema. "Kwa sindano ya kushonea. Babu yako alisema t'aharibu kaseti, nami nikamwambia, nataka isiingie kitu tena."

Ndipo aliponieleza. Lilikuwa vugo la harusi ya mama yangu, mwaka wa 1981. Mashine iliwekwa dirishani na shangazi, karibu na jiko, kwa sababu waya wa umeme haukufika mbali zaidi. Sauti ile nzito iliyokuwa ikichelewa nyuma ya wengine ni ya dada yake mkubwa, ambaye alikuwa amefariki mwaka wa 1990. Mimi nilimjua kwa jina tu na kwa kaburi. Hapakuwa na kaseti nyingine yenye sauti yake. Bibi hakuwa akiicheza mara kwa mara, aliogopa ingechakaa. Alikuwa akiitoa sandukuni, akiitazama, akiirudisha.

Nilimwambia zimebaki dakika nne. Alisema, "Basi nitilie nisikize."

Nikakitoa kinasasauti kile kile, ambacho nilikuwa nimekiazima tena kwa ajili hiyo, nikauzungusha utepe hadi pahali pake. Ukapita ule ukimya mfupi. Pembe zikaanza. Bibi akauweka ungo chini. Sauti yake mwenyewe ya miaka 22 iliyopita ilipotoa ubeti, alitikisa kichwa kama mtu anayemsikia binti asiye na adabu. Lakini fungu lilipoitikia, alifumba macho na kuimba. Hakuimba nafasi yake ya mtoaji. Alishika nafasi ya dada yake, nzito, akichelewa nukta moja nyuma ya wengine, na walifunga wimbo pamoja, yule wa kwenye utepe na huyu wa mkekani.

Utepe ukaisha. Akaniambia, "Urejeze." Nikaurudisha. Mara ya pili aliitikia kwa maneno mengine, ambayo hayamo kwenye kaseti wala sijayasikia popote tangu siku hiyo, akacheka mwenyewe. Mara ya tatu alibadilisha tena. Nilitazama huku na huku nikitafuta kitu cha kurekodia. Kinasasauti kilikuwa kimoja tu, nacho kilikuwa kikicheza.